Kidonge Ndani ya Tonge la Mama Kahindo

Kabla hamjajifunza kusoma mashine, jifunzeni kubonyeza mguu. Wekeni kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, juu kidogo ya kifundo, mbonyeze polepole, mvute pumzi mbili tatu, kisha mwondoe kidole na kutazama. Ngozi ikirudi mahali pake, endeleeni na kazi. Shimo likibaki, kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa, basi mwili huo unashika maji ambayo haupaswi kuyashika, na ninyi mna jambo la kufikiri.

Nilifundishwa hivyo na Dokta Paluku, mganga aliyeongoza utafiti wetu pale Butembo. Mimi nilikuwa muuguzi wa utafiti, nikiitwa Mama Katungu na wagonjwa wote, hata walionizidi umri. Nilikuwa nimesoma Kilatini na falsafa kwa masista kabla ya kusomea uuguzi, nami niliingia wodini nikiamini kwamba hakuna jambo lisiloweza kufahamika, mradi swali lake limepangwa vizuri. Dokta Paluku aliniacha na imani hiyo kwa muda. Alikuwa mtu mwenye subira. Alikuwa akisema tu, huku akipangusa miwani yake kwa pindo la koti jeupe: "Mama Katungu, maswali yako iko mazuri sana. Sasa uangalie miguu."

Niwaeleze kwanza tulikuwa tukitafuta nini, maana ninyi mmezikuta dawa hizi zimekwisha kupangwa rafuni, na mnaweza kudhani zilizaliwa hivyo.

Saratani ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume. Ikiisha kuhamia mifupani haikatwi tena kwa kisu, hunyimwa chakula. Sindano huzuia korodani kutengeneza homoni hiyo. Lakini ugonjwa huu una ujanja: homoni huendelea kutengenezwa kidogo kidogo mahali pengine, hata ndani ya saratani yenyewe. Vidonge vyetu vilikuwa vya kuziba njia hizo za pembeni, na kidonge kingine kidogo kilifuatana navyo ili kuulinda mwili. Tulitaka kujua kama sindano na vidonge kwa pamoja vingeuzuia ugonjwa kwa muda mrefu kuliko sindano peke yake, kwa watu wetu, kwa vyakula vyetu na barabara zetu. Basi kundi moja lilipata sindano tu, kundi la pili likapata sindano na vidonge, na wa kuchagua hakuwa daktari wala mimi, bali kompyuta.

Jambo hilo la kompyuta lilituletea maneno mengi. Mzee mmoja, shemasi wa kanisa lake, aliniuliza: "Ile kompyuta, iko mukristo?"

Nikamjibu kwamba haina dini, na wala haina shemeji, haina jirani, haina mtu wa kijiji chake.

Akafikiri, akacheka mpaka akashika ubavu. "Donc, basi iko nzuri kupita siye bote!"

Kumbukeni jibu hilo, litawafaa.

Wanaume wenyewe walikuwa na haya. Mwanamume wa Kinande, kabila la huku kwetu, atakueleza bei ya kahawa, atakueleza ubaya wa jirani, lakini mkojo wake hatakueleza, hasa wewe ukiwa mwanamke. Nilijifunza kuuliza nikiwa nimewapa mgongo, nikijifanya natafuta kitu kabatini. Hata mwenye haya kubwa husema na mgongo wa muuguzi. Mzee Kambale, fundi seremala kutoka mtaa wa Mususa, alikuwa wa kwanza kuufichua ujanja wangu. Alisema: "Mama Katungu, ile armoire, unaitafutaka kitu gani kila siku? Geuka tu. Nitasema."

Mzee Kambale aliletwa kwetu mara ya kwanza akiwa amekalishwa kwenye pikipiki kati ya dereva na mwanawe wa kiume, amefungwa kitenge kiunoni asianguke, kwa sababu uti wa mgongo haukuweza tena kumshikilia. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia mifupani. Kompyuta ilimweka katika kundi la vidonge. Baada ya miezi michache aliingia kwa miguu yake, akakaa bila kushikwa, akakigonga kiti chetu kwa vidole na kutangaza kwamba kimeungwa vibaya. Siku iliyofuata alikuja na randa na gundi, akakitengeneza. Hakuna kipimo cha maabara kilichonifurahisha kuliko sauti ya randa ile.

Ndiyo maana nilihuzunika nilipombonyeza muundi, na shimo likabaki.

Hakuwa peke yake. Katika kundi la vidonge pale Butembo, mmoja baada ya mwingine alikuja na miguu iliyovimba, presha iliyopanda, na potasiamu iliyoshuka katika damu. Potasiamu ikishuka sana, moyo hupoteza mwendo wake. Tuliwapa dawa ya presha na kuwatazama kwa karibu, lakini msimamizi aliyetumwa na wakubwa wa utafiti kutoka Kinshasa alipokuja, alisema wazi mbele ya Dokta Paluku: kama kwenye ukaguzi wake ujao mambo yangekuwa vilevile, wagonjwa wa Butembo wangeachishwa vidonge, na kituo chetu kingefungwa. Hakuwa mtu mbaya. Kazi yake ilikuwa kuzuia dawa isiue.

Mzee Kambale alisikia, maana kuta za ofisi yetu zilikuwa za mbao, na mbao alizijua. Alinisubiri mlangoni.

"Munataka kuniondolea dawa ile ilinisimamisha?"

"Bado hatujui, papa."

"Miye najua. Nikirudi ku kitanda kile, sitaamuka tena." Kisha akaongeza, kana kwamba ananifariji mimi: "Na kiti ya msimamizi, miguu moja iko mufupi. Mumuambie asiegemee."

Sasa sikilizeni jambo lililotushangaza. Tulikuwa na kituo cha pili Beni. Dawa ile ile, sindano ile ile, maelekezo yale yale. Na Beni, miguu ilikuwa mikavu kama kuni.

Msimamizi alidhani barabara ndiyo ilikuwa ikituongopea. Dhana yake ilikuwa na akili, nanyi muijue. Damu ikitikiswa njiani kabla ya kuzungushwa kwenye mashine na kutenganishwa, chembe zake nyekundu hupasuka na kumwaga potasiamu iliyomo ndani yake. Basi maabara itasoma potasiamu nyingi kuliko iliyomo mwilini mwa mtu. Damu ya Beni ilisafiri mpaka Butembo kupimwa, juu ya barabara ambayo sina haja ya kuwasimulia. Huenda wa Beni nao walikuwa na upungufu, na mashimo ya njia yaliuficha. Tukapeleka Beni mashine ya kuzungushia, damu ikatenganishwa palepale kabla ya safari. Potasiamu ya Beni ilibaki nzuri. Na hata hivyo, nilimwambia Dokta Paluku, mashimo ya barabara hayakaushi miguu ya mtu.

Basi nilikwenda Beni mwenyewe. Nilikaa na wagonjwa wetu, na ndipo nilipotambua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu tangu mwanzo. Wengi wao hawakuwa wenyeji. Walikuwa walimu wazee, makarani, watu wa serikali walioletwa kutoka mikoa mingine, waliochelewa kupumzishwa kazini. Mmoja wao alikuwa Inspekta Bolamba wa shule, mtu wa Équateur, mrefu, mwenye suti iliyopigwa pasi hata siku ya sindano. Kiswahili chake kilikuwa na Lingala ndani.

"Inspekta," nilimwuliza, "asubuhi unakula nini?"

"Kula? Nzambe! Madame, bibi yangu iko Mbandaka. Nani atanipikia? Naamuka, nakunywa ile dawa na maji, nafunga kamba ya viatu, naenda ku bureau. Kula ni muchana, ku malewa, kama bale bamama bamefungua." Malewa ni vibanda vya chakula vya kando ya njia.

"Na wenzako hapa?"

Aliwatazama waliokaa benchini kama anayekagua darasa. "Bale? Bote bako célibataires ya lazima, madame. Bibi zao zilibakia kule mbali na batoto."

Nilirudi Butembo nikiwa na wazo ambalo sikuthubutu kulitamka kwa kuwa lilikuwa la kuchekesha. Nilimwambia Dokta Paluku tu kwamba wanaume waliovimba wote wanaishi na wake zao.

Alivua miwani. "Mama Katungu, unataka kuniambia ndoa inapandisha presha?"

"Nataka kesho asubuhi niende Mususa."

"Kuuliza nini?"

"Sitauliza, Dokta. Nitaangalia."

Akavaa miwani yake tena, na nadhani ile ndiyo siku aliyonihesabu kuwa nimehitimu.

Nilifika kwa Mzee Kambale wakati moshi wa jikoni ulikuwa ndiyo kwanza unapenya mabati. Mkewe, Mama Kahindo, hakunitarajia, lakini mwanamke wa Butembo hakosi pa kumkalisha mgeni. Nilikaa jikoni, mahali ambamo msimamizi, hata angekuja mara mia, asingeingizwa. Juu ya moto kulikuwa na sombe ya jana, mboga ya majani ya mhogo, ikichemka upya ndani ya mawese mekundu. Pembeni, parachichi lililokatwa na karanga zilizotwangwa. Mama Kahindo alichukua chupa ya vidonge vyetu kutoka juu ya rafu, akavitoa, akamega bugali, akafinyanga tonge, akatia kidonge katikati, akalichovya tonge katika sombe mpaka likang'aa kwa mafuta, akamnyooshea mumewe. Vidonge vyote vilikwenda hivyo, kila kimoja na tonge lake, na parachichi likafuata.

Mzee Kambale alitafuna akinitazama kwa macho ya mtu aliyekamatwa.

"Papa Kambale," nilisema, "kila mwezi ninakuuliza kama unameza dawa tumbo tupu. Unajibu ndiyo."

"Sasa ningesema nini? Muko munaniuliza ku hopitali, mbele ya badokta. Ningemushitaki bibi yangu?"

Mama Kahindo aliweka sufuria chini kwa kishindo. "Usimulaumu. Ni miye. Mama Katungu, weye uko mwanamuke. Ni mwanamuke gani anaweza kupa bwana yake dawa kali namna ile, tumbo wazi? Akianguka hapa, bandugu zake batakuja, batauliza: alikula? Nitajibu hapana? Batasema nilimuua na njaa. Dada yake, ule wa Bulengera, iko anangojea siku ile tu!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Swali langu la kila mwezi lilikuwa limepangwa vizuri, ila nilikuwa nikimwuliza mtu ambaye kulijibu kungemvunjia heshima mkewe, juu ya jambo ambalo halikuwa mikononi mwake. Na isiwe kwamba Mama Kahindo alikosa akili. Kwetu, dawa kali hupewa mtu aliyeshiba. Kila mama analijua hilo, na kwa dawa nyingi lina faida. Hii ilikuwa moja ya dawa chache ambazo mafuta huzibeba na kuziingiza mwilini kupita kiasi, kana kwamba mtu amemeza konzi nzima badala ya kipimo chake.

Nilimweleza hivyo. Alikaa chini taratibu.

"Donc ni miye niko namupandishia presha? Na mboga yangu?"

"Mboga yako ni nzuri mno, mama. Dawa imeipenda, imekula nayo mpaka imenenepa."

Mzee Kambale aliangua kicheko, karanga zikamwingia puani, na tulikuwa na kazi ya kumpiga mgongoni kabla ya kuendelea na sayansi. Mama Kahindo hakucheka. Aliuliza swali lililokuwa zito kuliko yote ya msimamizi:

"Nimeelewa. Mais, lakini dada yake? Nani atamuelewesha?"

Nilipeleka swali hilo kwa Dokta Paluku. Mtu mwingine angetundika karatasi ukutani: dawa bila chakula. Yeye alifanya jambo ambalo sijalikuta katika mafunzo yoyote ya utafiti. Aliwaita wake wa wagonjwa wote wa vidonge, na pamoja nao ndugu wa waume: makaka, madada, mashangazi, hata wa kutoka mbali kule Kamango waliopata nafasi ya kufika. Uwanja wa hospitali ulijaa kama siku ya arusi. Dada wa Bulengera alikaa mbele kabisa, mikono amekunja.

Dokta Paluku alisimama mbele yao na kusema kwa sauti ya polepole: "Hawa bamama, kuanzia kesho, batakatalia bwana zao chakula asubuhi. Ni miye nimebaambia. Hapana roho mubaya, hapana uchoyo. Mutu akianguka, musiende kwa bibi yake. Mukuje hapa, munishike miye, Paluku. Dada wa Kambale, umesikia?"

"Nimesikia," alisema dada wa Bulengera.

"Sema na nguvu, bote basikie."

"Nimesikia, Dokta!"

Mama Kahindo alinyoosha shingo kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Kisha wanawake wenyewe wakapanga namna. Sisi tulitaka saa nzima ipite kati ya dawa na chakula, lakini saa za ukutani hazikuwa katika nyumba zote. Mama Kahindo akauliza: maombi ya asubuhi kanisani, pamoja na kwenda na kurudi, hayatoshi? Tulipima, yalitosha na kuzidi, hasa mchungaji akiwa na neno. Wakakubaliana: dawa na maji mbele ya maombi, sahani nyuma ya maombi. Mzee Kambale, ambaye kwa miaka alikuwa na sababu nyingi za kutoonekana kwenye maombi ya asubuhi, alilalamika kwamba utafiti wetu umegeuka kuwa uinjilisti. Hakuna aliyemsikiliza.

Siku ya ukaguzi ilipofika, sikulala vizuri, sitawaficha. Msimamizi alikaa kwenye kiti alichoonywa asikiegemee, ambacho sasa kilikuwa kimetengenezwa, akasoma presha moja moja. Akasoma potasiamu. Dokta Paluku akamwita Mzee Kambale, akamwambia apandishe suruali.

"Bonyeza mwenyewe," alimwambia msimamizi.

Msimamizi aliinama, akaweka kidole gumba juu ya muundi, akasubiri, akakiondoa. Tulikuwa tumeinama wote, hata mfagiaji aliyekuwa akipita. Ngozi ilirudi mahali pake, laini, bila alama. Akabonyeza mguu wa pili. Ukarudi.

"Mulifanya nini?" aliuliza.

Mzee Kambale alimjibu kabla yetu: "Balininyima sombe."

Kituo hakikufungwa. Zaidi ya hayo, maelekezo ya utafiti yakabadilishwa kwa vituo vyote, si kwetu tu: kila mgonjwa aanze dawa akiwa na mtu anayempikia, na mafunzo yatolewe kwa wote wawili, mbele ya ndugu kama wapo. Wino ulikuwa wa wakubwa, lakini mimi niliposoma kifungu hicho nilisikia harufu ya mawese.

Inspekta Bolamba, kwa upande wake, alichukia kuambiwa kwamba upweke ndio uliomlinda. "Munadharau bibi yangu na hajafika hata!" alisema. Miezi ikapita, akanitumia ujumbe kwa simu: mkewe anafika Beni kutoka Mbandaka. Nilipanda gari siku ya kwanza ambayo barabara ilikuwa salama. Nilimkuta mama huyo bado hajafungua mizigo, samaki wa kukaushwa wamepangwa mezani, chungu kikubwa mkononi. Inspekta alikuwa amesimama nyuma yake, ameinua mikono juu kama askari aliyetekwa. "Madame," aliniambia, "nimemungojea miaka. Umukataze pole pole." Tulikubaliana: samaki wote awe nao, ila mchana.

Jibu la utafiti lilipotoka, Dokta Paluku alitusomea akiwa amesimama, na hilo halikuwa kawaida yake. Waliopata sindano pamoja na vidonge walikaa bila ugonjwa kusonga mbele muda mrefu kuliko waliopata sindano peke yake. Wa Butembo na wa Beni, wenye wake karibu na wenye wake mbali. Aliomba wale wa kundi la sindano nao wapewe vidonge, na wakapewa. Yule shemasi aliyeuliza dini ya kompyuta alikuwa miongoni mwao. Alipokea chupa yake kwa mikono miwili, akaniuliza: "Na maombi ni saa ngapi?"

Kwa hiyo ninyi mnaoingia sasa, wenye mashine nzuri kuliko zetu: ulizeni, maana kuuliza ni kazi. Lakini mkiisha kuuliza, ombeni ruhusa mwingie jikoni, mkae kwenye kigoda, mtazame mkono unaotoa dawa, na mjue mwenye mkono huo anamwogopa nani. Dawa yenu itapita hapo, mpende msipende.

Juzi nilikuwa napita Mususa asubuhi, kwa ajili ya kununua mboga tu, sina tena koti jeupe. Kanisa lilikuwa bado linaimba. Nje, kando ya ukuta, wake walikuwa wamesimama na sahani zilizofunikwa vitambaa, Mama Kahindo kati yao, wakisemezana kwa sauti ya chini na kumlaani mchungaji kidogo kwa urefu wa neno lake. Mlango ukafunguka. Wa kwanza kutoka, kwa hatua ndefu, mgongo umenyooka kama ubao alioupiga randa mwenyewe, alikuwa Mzee Kambale. Hakusimama hata kunipa mkono.

"Mama Katungu, sogea kidogo," alisema. "Sombe inapoa!"